Hata Soda Hanywi

Mwanangu Saida,

Nisamehe kwa kuchelewa. Maneno haya ilikuwa nikuandikie tangu siku ile matroni wa hosteli aliponipigia simu, nikasema ngoja kwanza amalize mtihani. Ukamaliza. Nikasema ngoja apate kazi. Ukaitwa kwenye kazi, nikasema ngoja tupate nafasi ya kukaa mie na wewe tu, na nyumba yetu unaijua, hata chooni mtu anakufuata na swali. Sasa kesho alfajiri unapanda treni ya Dodoma na mie ndiyo kwanza nashika kalamu. Umekwenda Manzese kutafuta begi la pili na viatu vyeusi. Yusra kalala kifuani kwangu, nikimlaza chini anaamka, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue ni mdogo wako.

Habari za kula na kulala na kufunga mlango sikuandikii. Bibi yako amekwambia zote, na atarudia tena stesheni mbele za watu. Mie nina jambo moja, na tangu asubuhi limeninyima kukaa. Nimefagia uwani, nimefagia tena. Nimechemsha chai nikaisahau. Nimefungua begi lako la zamani nikakunja upya nguo ulizokwisha kukunja.

Jana niliwasikia.

Nilikuwa ndani napiga pasi mashuka ya gesti, dirisha wazi, nyie mko uwani na mbuzi ya nazi. Bibi yako anakwambia, "Mke mwenzangu, nisikilize. Kazi za serikali za namna hiyo watakupekua mpaka kwenye unyayo. Wakifika kwa mama, andika yuko Muscat, kazi za ndani, anwani huijui. Mlezi wako mie. Na hayo majani yenu ya hosteli, nani alikuona? Andika hujawahi."

Ukamuuliza, "Na wakija mtaani?"

"Mtaani niachie mie."

Ukacheka. Halafu ukasema, taratibu, "Sawa, bibi. Ila mama asijue."

Pasi niliisahau juu ya foronya ya watu. Ikaacha alama ya kahawia mfano wa mtumbwi.

Sikukasirika, mwanangu. Ingekuwa hasira, ningeshailalia ikaisha. Najua kwa nini ulisema vile. Unanistiri. Sie ndivyo tulivyolelewa, mwenzio akiteleza unamtupia kanga yako kwanza, maswali baadaye, na mie mwenyewe nisingekuwa hai leo bila kanga za watu wa mtaa huu. Siitukani sitara. Lakini kwenye jambo hili la upekuzi sitara iliwahi kuniponza, na wewe habari hiyo unaijua nusu. Nusu nyingine nimeikalia miaka yote. Ngoja niiseme kabla hujarudi na hilo begi.

Unalikumbuka benchi la kijani? Kila asubuhi nilikukalisha pale na andazi lako, naingia dirishani, nesi ananipa kikombe kidogo, nakunywa mbele yake, ananiambia, "Haya sema jina lako," ahakikishe nimemeza. Uliniuliza mbona huchomwi sindano. Nikakwambia ni dawa ya tumbo. Ulipokua uliunganisha mwenyewe, hukuniuliza tena, na mie nikashukuru kwamba hukuuliza. Ilikuwa methadoni. Nilitumia unga tangu hujaanza shule mpaka ulipokuwa darasa la kwanza. Nani alinipa mara ya kwanza sisemi, kwa sababu nilipokea kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuzaa nina miaka kumi na saba, nilikuwa nadhani maisha yameshanifungia mlango, nikatafuta pa kulala bila kuota.

Hereni ulizovalishwa siku ya arobaini yako hazikupotea kisimani kama ulivyoambiwa. Nilikuvua ukiwa usingizini. Ulijigeuza, nikangoja, nikavua ya pili.

Hilo nilitaka ulisikie kwangu. Mengine ya wakati ule ni ya mateja wote, hayana jipya. Arosto, ile kiu ya unga, ikikushika huna mama wala mtoto. Bibi yako na Mama Zuhura wa vitumbua ndio waliokuja kunibeba maskani kwa mateja, mmoja mabega mmoja miguu, wakipita barabarani wanawaambia watu nina malaria. Malaria. Miezi mingapi nilikuwa na malaria mie.

Nikaacha. Nilikunywa kikombe mpaka kliniki wenyewe wakaniambia sasa inatosha. Nikapata nafasi ya kuomba kazi ya usafi, ofisi moja ya serikali mjini, ina ukuta mrefu, na humo ndani kuna vyumba ambavyo hata wa kudeki anachunguzwa kwanza. Wewe ulikuwa darasa la nne. Nilifurahi kama niliyeitwa kuolewa.

Aliyenihoji aliitwa Bwana Mhina. Mtu mzima, mpole, ana kikohozi. Siku ile jua lilikuwa la Januari na mie nilitembea kutoka kituoni, nimefika natoka jasho mpaka kwenye kope. Akamtuma mhudumu, "Mletee dada soda baridi." Ikaletwa ya chungwa. Saida, nilikunywa ile soda mpaka mrija ukalia. Akatabasamu, akafungua karatasi zake.

Akaniuliza kwetu, wazazi, shule niliyosoma. Kisha akauliza, sauti ileile ya kuulizia shule, "Umewahi kutumia dawa za kulevya, za aina yoyote?"

"Hapana."

"Hata zamani?"

"Hata zamani."

Akaandika. Mie uso nimeukaza. Teja yeyote anajua kukaza uso, ndiyo elimu ya kwanza kule.

Nilipofika nyumbani nikamwambia bibi yako watakuja kuuliza mtaani. Hakungoja hata nivue kandambili. Alijifunga kanga akazunguka. Jioni walikutana uwani kwetu, yeye, Mama Zuhura, majirani wa nyumba mbili za mbele, na Mzee Kitwana, ambaye ndiye mjumbe wetu mpaka leo. Mama Zuhura akasema, "Sasa tupange. Kila mtu akisema lake tutamchoma mtoto wa watu."

Bibi yako akasema, "Semeni neno moja tu, la kukaa kichwani. Huyu hata soda hanywi."

Mzee Kitwana akakuna kidevu. "Soda, jamani? Si mseme hata sigara?"

"Sigara kila mtu anasema. Soda ndiyo itaonyesha."

Na mie nilikuwepo, nimekaa kwenye kibao cha nazi, nasikia. Nilikuwa nimekunywa soda ya mtu huyohuyo siku ileile, na haikunipitia akilini kabisa. Nilikuwa nasikia tu raha ya kupendwa.

Bwana Mhina akaja na faili lake, viatu vimejaa vumbi la huku kwetu Mtoni. Mjumbe akamwambia, huyo hata soda hanywi. Nyumba za mbele, hata soda hanywi. Mama Zuhura aliongeza na chumvi yake, "Akinywa inamtapisha." Mie niko nyuma ya pazia na bibi yako, tumeziba midomo. Halafu ukatokea wewe, unarudi shule, begi mgongoni. Akainama, akakuuliza, "Hujambo? Mama yuko wapi?"

Ukasimama wima kama uko paredi. "Mama yangu hata soda hanywi."

Hakukuuliza soda. Alikuuliza mama yuko wapi.

Tulicheka siku ile mpaka tukalia machozi. Bibi yako mpaka leo akitaka kuchekesha watu harusini huisimulia. Mie nikiisikia huinuka nikaenda jikoni. Kwa sababu niliyekukalisha juzi yake nikakukaririsha, nikakuahidi kashata ukisema vizuri, ni mie. Bibi yako alizunguka mtaa, lakini mtoto nilimfundisha mwenyewe. Jana ulivyosema "Sawa, bibi" haraka vile, nilijua umeipata wapi haraka hiyo.

Yusra kaamka. Nimempa kijiko anagonga sufuria. Naendelea.

Walinianzisha kwa majaribio. Nafagia ua na baraza, kwenye vyumba vya ndani nisikanyage mpaka upekuzi uishe. Wenzangu walioanza na mie wakaingizwa ndani mmoja mmoja, mie nikabaki na ufagio wa chelewa kule uani. Nikajiambia labda wananipima subira.

Siku moja natoka kazini, nikamkuta Chidi kituoni. Humjui, na umshukuru Mungu. Tulikuwa naye maskani. Yeye alikuwa bado yumo, unaona kwa vile vidole. Akafurahi kweli kuniona.

"Sista Mwana! Umenawiri, mwili mpaka unang'aa. Nasikia siku hizi uko serikalini."

"Nafagia tu, Chidi."

"Kufagia serikalini ni serikali. Wanajua lakini ulikotoka?"

Nikageuka, nikajifanya natazama basi. Akaniona nilivyogeuka. Akanigusa bega, kwa upendo kabisa. "Usiogope, mie mtu wako. Simwambii mtu. Mie nataka kitu kidogo tu. Ule mlango wenu wa nyuma, una kufuli au komeo?"

"Komeo tu."

Nilijibu hivihivi, Saida, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi. Hakunitishia. Hakunishika. Alisema tu kwamba hatamwambia mtu, na mdomo wangu ukalipa wenyewe.

Usiku ule sikuuona usingizi, na ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyenieleza. Nilikuwa nadhani watu wa upekuzi wanauliza habari za unga kwa sababu wanawachukia mateja, wanataka kazi ya watu safi tu. Kumbe wanauliza kwa sababu ya Chidi. Wanataka kujua ni nani huko nje anayeweza kukugusa bega ukafungua mlango. Unga wangu ulikuwa umekwisha zamani, hata kliniki walikuwa wamenisahau. Kilichokuwa hai ni ile "hapana" niliyomwambia Bwana Mhina. Hiyo ndiyo aliyoishika Chidi, wala hakujua kama ameishika. Kama ningekuwa nimeisema mwenyewe, ningemwambia, nenda kawaambie, wanajua.

Asubuhi nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Mhina. Nikamkuta anakunywa chai. Nikamwambia, "Shikamoo. Naomba mbadilishe komeo la mlango wa nyuma."

"Marahaba. Kwa nini?"

Nikamwambia yote. Kikombe, benchi, Chidi, komeo. Hakunikatiza. Alipomaliza kunisikiliza akamwita mlinzi, akamtuma kufuli, tena kubwa. Kisha akanigeukia.

"Mwanaidi, siku ile nilikununulia soda."

"Ndiyo."

"Uliimaliza."

"Ndiyo."

"Nimekwenda kwenu, nimeambiwa na mtaa mzima, mpaka na mtoto wa shule, kwamba hunywi soda." Akakohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko. "Nilijua mmepangana. Nilikuwa sijui mnaficha nini. Nikaomba ubaki uani, nikasema nimpe muda, pengine atakuja mwenyewe."

"Si nimekuja?"

"Umekuja baada ya komeo."

Nikamuuliza, nikiwa nimeshika ile meza yake, je, kama ningesema kweli siku ya soda, ingekuwaje? Hakunipamba. "Ningekuuliza umeacha lini, nani anajua, nani wa zamani bado anakufahamu. Ningekwenda kliniki yako nikaulize. Pengine ungepata, pengine usingepata, siamui peke yangu. Lakini kungekuwa na kitu cha kuwaeleza wakubwa. Leo niwaeleze nini? Kwamba aliniambia hapana mara mbili usoni, ila siku hizi anasema kweli?"

Nilikabidhi ufagio. Mlangoni akaniambia, "Kwa lile komeo, ahsante." Alimaanisha. Nililia kwa sababu alimaanisha.

Nilipomwambia bibi yako akasema, "Si bora ungenyamaza." Tangu hapo hatujaizungumza, ila yeye huisimulia upande wa kuchekesha. Wewe ukaambiwa mkataba umeisha. Wala hapakuwa na mkataba.

Sasa sikia la leo asubuhi. Nimekwenda kununua vitumbua kwa Mama Zuhura, akanikonyeza juu ya chungu. "Usiwe na wasi, mama yako kashapita jana. Wakija tutasema mtoto hata soda hanywi."

Nikakaa kwenye ndoo yake ya unga wa mchele.

Nikamwambia, "Mama Zuhura, wakija waambieni ukweli. Mie nilikuwa teja, mlinibeba nyie. Na Saida alivuta bangi mwaka wa kwanza chuoni, kaacha. Semeni mnachokijua, msichokijua msiongeze."

Akaacha kugeuza vitumbua. "We Mwanaidi, uko sawa? Mtu anajivua kanga sokoni mwenyewe?"

"Najivua mie, mtoto asije akavuliwa."

"Na akikosa kazi?"

Nikamhesabia hela zake. Vitumbua vikaungua upande mmoja. Mwishowe akasema, "Haya. Mtoto wako, kanga yako. Lakini ile ya soda niliipenda."

Nikapita kwa Mzee Kitwana. Anasikia kwa tabu siku hizi, ilibidi nimwambie historia yangu kwa sauti ya kusikika hata na muuza maji wa jirani. Akatikisa kichwa. "Mie nilisema toka mwanzo. Tuseme sigara." Lakini kaahidi. Bibi yako hajaniongelesha tangu nirudi. Anachambua mchele kwa fujo. Aliniambia sentensi moja tu, "Unamchomea mtoto." Inawezekana, Saida. Hilo ndilo linalonifanya nifagie.

Kwa hiyo sikwambii kwamba ukisema kweli watakupokea. Sijui. Kazi yenyewe ni ya mitambo ya mawasiliano yao, ni zaidi ya ufagio, watakuwa wakali zaidi. Wanaweza kuiona bangi yako wakasema hapana hapohapo. Wanaweza kuniona mie wakasema mtoto wa teja hatumtaki. Ikiwa hivyo utarudi, utalia hapa uwani, bibi yako atanilaumu na mie nitalibeba hilo. Lakini hutakutana na mtu kituoni akakuuliza habari za mlango.

Kuhusu hayo majani. Ukiulizwa usiseme "nilionja tu." Hukuonja. Ulivuta muhula mzima, mie ndiye niliyefua zile nguo matroni alipokurudisha nyumbani, na mpaka kola ya sare ya mazoezi ilikuwa inanuka. Sikukupiga wala sikusema na wewe, nilifua tu, na nadhani kunyamaza kwangu kulikufundisha kwamba mambo haya yanafuliwa. Sema ulianza lini na uliacha lini. Sema ulikuwa na akina nani kama watakuuliza, maana wale nao watahojiwa siku moja kwenye kazi zao. Sema matroni alijua na mama alijua. Usiongeze machozi. Usipunguze muhula ukawa wiki. Mtu akikata kidogo kwenye ukweli huwa anarudi kukata tena.

Na kuhusu mie. Palipo na jina la mama, niandike. Muscat sijafika hata ndotoni. Andika Mtoni, andika dobi, andika alitumia na aliacha, andika kliniki gani. Wakiuliza unalionaje, waambie unavyoliona kweli, hata kama una hasira na mie. Hereni zile ziseme ukitaka. Sitavunjika. Baba Yusra nilimwambia kabla ya posa, kwa sababu ya lile komeo. Hakutokea siku mbili. Siku ya tatu akaja na pweza, akauliza kama nakula. Tangu hapo katika nyumba hii hakuna mtu wa nje anayeweza kunigusa bega, isipokuwa kupitia wewe. Kwako nilikuwa bado najificha, na wewe ukawa unanificha, tunapishana mlangoni kila mmoja kamfunika mwenzie.

Usinifunike tena. Umeshafanya kazi hiyo tangu darasa la nne, na uliianza kwa kashata.

Nisamehe ile kashata.

Kadi yangu ya kliniki nimeiweka kwenye begi lako la zamani, mfuko wa mbele, wa zipu, si chini ya nguo. Ina muhuri na tarehe ya mwisho waliponiambia inatosha. Wakitaka kuona, waonyeshe. Nilikuwa naificha ndani ya kipande cha godoro, ndiyo maana imepinda.

Nasikia sauti yako kwa Mama Zuhura, umerudi, anakuuliza bei ya begi. Yusra kaitambua, anatupa kijiko. Sina muda wa kuisoma tena hii barua, nitaichomeka hivihivi pamoja na kadi, utaikuta treni ikishapita Morogoro na huwezi kurudi.

Ninavyohitaji unitumie ni hivi. Chaja ya simu ya Baba Yusra, ile yenye mkanda mwekundu, umeshaipakia najua. Mtandio wangu wa zambarau ukichoka kuuazima. Zabibu za bibi yako, hata kama ni chachu, hasa kama ni chachu, apate kitu kingine cha kugomba nacho. Ujumbe wa simu siku utakayomaliza kuhojiwa, maneno usiandike mengi, niandikie tu "nimekuandika," nitaelewa, nitaacha kufagia. Karatasi zao usinipigie picha, nadhani hilo nalo ni kosa. Na kadi yangu, wakishaitazama, mpe mtu wa basi anayekuja Dar, iwe kwenye bahasha ya kaki, na juu yake uandike jina langu lote, kwa kalamu nzito, asome kila atakayeishika.